Vifungo vya Askari Wanne

2 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mawazo yote yako kwako na hayo macho. Mchumba wako Kibogoyo ameota jino la kwanza, la chini, kwa hiyo jina itabidi umtafutie jingine. Kazi ya kwanza ya jino hilo imekuwa kidole changu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukishasema "salama" unakata. Kaka amenifikishia ujumbe wako: nifungue kabati uliloliacha chumba cha nyuma ulipohamia kwake, picha zote za vifaru vya vita nimpe mwenye duka afungie sabuni, chumba kiwe cha mtoto. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia labda simu mbovu.

Baba, miaka thelathini unakusanya picha hizo. Ulikuwa unatoka karakana na grisi, unanawa mpaka viwikoni, ndipo unagusa albamu. Marehemu Mama alikuwa akisema hata yeye hakunawiwa hivyo siku ya harusi. Leo ndiyo ziende kwenye sabuni?

Basi nilifungua kabati, nikakaa chini kufuta vumbi, nikasahau kuinuka. Mtoto analala mgongoni, mimi nafunua. Vile vifaru vya mwanzo kabisa, vya vita ile kuu ya zamani, kama masanduku ya chuma yaliyofundishwa kutambaa. Picha moja nimeikuta peke yake, umeifunga kwenye leso yako nyeupe: kifaru kimezama topeni hadi kwenye minyororo, na mbele yake wamesimama askari wanne, mmoja ameshika kikombe.

Mimi ni fundi cherehani, chuma sikijui, nikiona mtu naanza na nguo. Sasa cheka kidogo: hao askari wako wamevaa makoti ya kike. Upande wa kulia umelalia juu ya wa kushoto, kama blauzi ninazoshona kila siku. Nilicheka peke yangu hadi mtoto akaamka.

Niambie siku ya kupasuliwa mtoto wa jicho ni lini, nije nikushike mkono.

Mwanao

*

11 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua hii naisema mimi, mkono ni wa wifi yako, maana herufi kwangu zimekuwa sisimizi.

Sikukutuma uangalie. Nilikutuma utoe. Wale walikuwa vijana wa watu, na sidhani kama wote wanne walirudi kwao. Usiwafanye mzaha wa makoti ya kike. Watu wazima, wenye elimu zao, waliicheka picha hiyo kabla yako, wakacheka wakatosheka. Nilidhani ndani ya nyumba yangu itapumzika.

Mpe mwenye duka. Mbusu mchumba wangu.

Baba yako

Wifi, hapa naandika mimi. Amekwenda kuoga, nina dakika kumi, maana anaoga kama anayeosha gari. Nimekatazwa kukueleza, kwa hiyo nakueleza. Picha hiyo ya kwenye leso ndiyo iliyomtoa kwenye kile chama chao cha wakusanyaji. Sisi alituambia amejiuzulu. Si kweli. Walisema ni bandia, kwamba mzinga umekaa upande usio wake, kwamba ameichezea mwenyewe ili apate sifa. Ni miaka tisa sasa. Na lile jina la Mzee Kushoto, ambalo sisi tulidhani ni utani wa marafiki, ndilo walilombandika siku ile.

La pili ni zito zaidi. Hospitali imempa nafasi tarehe 12 Aprili. Amekataa. Kaka yako amesema, amebembeleza, amenuna, hola. Mzee anasema, "Nimeshaona vya kutosha. Nione nini tena?" Nafasi hiyo ikipita, daktari anasema foleni ni mwaka mzima, na jicho la kulia halina mwaka.

Anafunga maji. Kwaheri.

*

17 Februari

Kwa Katibu wa Chama cha Wakusanyaji wa Picha za Vita,

Ndugu Katibu,

Hunijui. Mimi ni mtoto wa yule mnayemwita Mzee Kushoto. Shule niliiachia njiani, nikikosea mahali nisamehe, lakini jambo lenyewe sijakosea.

Picha ya kifaru na askari wanne mliyosema ni bandia, ninayo. Makoti ya askari wote wanne yamefungwa kulia juu ya kushoto. Hivyo hufungwa nguo za kike. La kiume, kushoto hulala juu. Nimeshona makoti miaka sita na hakuna mwanamume aliyewahi kulipokea nililokosea upande. Hata mlevi huona. Mmoja wao angeweza kuazima koti la dada yake. Wanne, vitani, hapana.

Nilikwenda kwa mpiga picha wa mtaani kwetu. Akasema zamani picha zilikaa kwenye vipande vya vioo, na fundi akikiweka kioo uso chini mgongo juu wakati wa kusafisha picha, kila kitu hutoka kimegeuka, kushoto kuwa kulia. Nilirudi nyumbani nikaisimamisha mbele ya kioo cha kabati la nguo. Makoti yakawa ya kiume. Na mzinga ukahamia kulia.

Baba hakuchezea kitu. Aliyekosea ni fundi wa kusafisha, tena kabla Baba hajazaliwa. Naomba mwandike barua mseme hivyo, kabla ya tarehe 12 Aprili. Sababu ya tarehe ni ya nyumbani.

Wenu,
Fundi cherehani

*

28 Februari

Kwa Fundi Cherehani,

Barua yako ya tarehe 17 imepokewa na kusomwa.

Suala la picha tajwa lilikwishajadiliwa na kufungwa na kamati yenye wajuzi wa miaka mingi. Chama huchunguza mitambo. Mavazi hayamo katika utaratibu wetu. Hata hivyo, kwa kuwa umeandika kwa heshima, kamati iko tayari kukusikiliza Jumamosi tarehe 18 Machi, saa nne asubuhi, chumba cha juu, jengo la maktaba. Uje na picha halisi. Nakala haitapokewa.

Katibu

*

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ule mzaha. Sikujua kama pana kidonda pale, ningetembea pembeni.

Picha bado sijazitoa. Mwenye duka anasema ana karatasi za kutosha mpaka mwezi wa nne. (Usimpigie simu kumuuliza.)

Nina swali dogo, la kupitishia muda wakati natia pindo. Kifaru cha aina ile ya kwenye leso, ukikaa ndani kama dereva, mzinga uko mkono upi? Na mlango? Na bomba la moshi? Kibogoyo ndiye anayeuliza.

Mwanao

*

12 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Mwambie Kibogoyo kwamba swali zuri hujibiwa vizuri.

Mzinga uko kulia, kwenye kona ya mbele, umejibana kama mtu aliyepanda gari lililojaa. Mlango uko nyuma. Bomba la moshi liko juu, limeegemea kushoto. Ukitaka kujua kama ni toleo la kwanza au la pili, usitazame mzinga, hesabu ribiti za pembeni, vile vichwa vya misumari ya chuma. La kwanza lina safu mbili, la pili wameongeza bamba, kwa hiyo safu ni tatu, ila ya tatu haikunyooka, maana ilipigwa haraka haraka na watu waliochoka. Nimepiga ribiti maisha yangu yote. Ninaijua ribiti ya mtu aliyechoka.

(Wifi, ameongea nusu saa. Chai imepoa. Kaka yako amechungulia mara mbili kuona kama kuna mgeni.)

Sasa nisikilize. Kama bado picha ile hujaitoa, basi isitoke kabisa. Isitoke hata mlangoni. Nikiwa hai sitaki mtu mwingine aishike na kuiwekea lile jicho la dharau. Niahidi.

Baba yako

Wifi tena. Tarehe 12 bado anakataa. Jana hospitali wamepiga, wanataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Kaka yako amewaomba siku chache. Mzee akasema, "Wape wengine, mimi zamu yangu nilishaitumia." Kama una jambo unapika, pika haraka.

*

20 Machi

Wifi yangu,

Hii ni yako, usimsomee. Nimevunja ahadi kabla sijaitoa. Picha nimeipeleka.

Niliiweka kati ya vipande viwili vya kadibodi, nikaifunga kwa kitambaa cha bitana, nikambeba mtoto mgongoni, picha kifuani, nikapanda basi. Chumba chenyewe kiko ghorofa ya pili, kina meza ndefu na picha za vifaru toka chini hadi kwenye dari. Wazee watatu: Katibu, mwenye ukanda wa begani wa kushikilia suruali, mmoja mnene wanayemwita Profesa ingawa alikuwa karani wa bandari, na mmoja mkimya mwenye lenzi shingoni.

Profesa hakuniacha nikae vizuri. "Binti, sisi hapa tunachunguza chuma. Nguo utaipeleka sokoni."

Nikamwambia, "Shikamoo tena, mzee wangu. Naomba usimame kidogo."

Akasimama, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilisema kama ninavyowaambia wateja. Nikamuuliza, "Hilo koti upande gani uko juu?"

Akajitazama. "Huu."

"Huo ni upi?"

"Kushoto."

"Na lako, Katibu?" Kushoto. Na yule wa lenzi, kushoto. Wifi, ungewaona wazee wa watu wanavyojipapasa vifua kama waliopoteza miwani. Nikawaambia, "Miaka tisa mmevaa ushahidi na mnakwenda nao msalani."

Yule mkimya akacheka hadi akakohoa. Kibogoyo naye akacheka, anapenda kelele.

Nikatoa kile kioo changu cha kuwaonyesha wateja mgongo wa nguo, nikasimamisha picha mbele yake. Wakasogea wote watatu. Profesa akaanza, kama daktari anayehesabu mapigo: "Mzinga." Mwenzake, "Kulia." "Bomba." "Kushoto." "Ribiti." Hapo nikaingia mimi. Nikawaambia safu tatu, ya tatu imepinda, ni toleo la pili, waliopiga walikuwa wamechoka. Profesa akageuka kunitazama taratibu. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia, "Yule mliyemfukuza."

Kisha yule wa lenzi akainama, akainama zaidi, akasema, "Jamani, hii si mikwaruzo." Pale ubavuni, juu kidogo ya tope, pana namba ya chaki. Miaka yote Baba aliandika kwenye daftari lake "mikwaruzo". Kwenye kioo inasomeka. Nne na mbili. Arobaini na mbili.

Katibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakusema amekosea. Alisema lazima namba ilinganishwe na orodha za kikosi, na kwamba picha ibaki kwao mpaka watakapomaliza. Wifi, nilishika pembe ya ile kadibodi na vidole havikutaka kufunguka. Nikafikiria jicho la kulia lisilo na mwaka. Nikaachia.

Nimetoka na karatasi ya risiti. Nyumbani leso nyeupe iko kabatini, tupu, naiogopa kama mtu. Wasiporudisha sijui nitamtazama Baba kwa uso gani. Usiseme neno.

Wifi yako

*

29 Machi

Kwa Mzee mwenzangu,

Barua hii naomba isomwe yote, hata ukikasirika katikati.

Picha yako ni ya kweli. Imepinduliwa na fundi aliyeisafisha, basi. Namba 42 ipo katika orodha ya kikosi kimoja, na tunayo picha nyingine ya mtambo huohuo, ya upande wa pili, ambayo imening'inia ukutani kwetu miaka yote hii. Pale palipobonyea juu ya bomba panalingana. Picha yako, iliyo kwetu sasa, ndiyo pekee tunayoijua inayoonyesha mtambo huo ukiwa na watu wake.

Mimi ndiye niliyeandika neno "bandia" kwenye faili lako. Mimi ndiye niliyeanzisha lile jina, nikawachekesha watu nalo huku umesimama. Nilitaka kukuandikia barua rasmi ya chama, nikaona rasmi itanificha. Nimekosa. Naomba radhi, kwa jina langu, si la kamati.

Sote tulikuwa tunahesabu chuma. Aliyewatazama wale vijana na makoti yao ni binti yako.

Tarehe 29 Aprili tunafungua maonyesho ya picha hamsini. Yako tunaomba ikae ukuta wa mbele, peke yake. Bila ruhusa yako haitatundikwa. Uje uione.

Katibu

*

2 Aprili

Wifi,

Leo Mzee hasemi, naandika mwenyewe.

Barua ya Katibu imeletwa mchana kwa mkono. Niliona muhuri nikaogopa, nikaisoma kwanza jikoni, nikaunguza mboga. Kisha nikamfuata barazani nikamsomea. Nilipofika kwenye picha kuwa kwao, nikasikia kiti kimelia. "Ameitoa?" Nikasema, "Ameitoa, Baba. Subiri." "Nilimkataza." "Ulimkataza. Subiri."

Nikamaliza. Akasema nisome tena kuanzia pale pa vijana. Nikasoma. Akasema tena, pale pa "nimekosa". Pale nimesoma mara nne, wifi, mara ya nne polepole, nikawa naonja kila neno kama mpishi.

Halafu akaweka mkono kifuani. Nikadhani ameumwa, nikainuka. Kumbe anapapasa vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, anatafuta upande upi uko juu. Akaanza kucheka. Alicheka yule mzee mpaka Kaka yako akatoka chumbani na povu la kunyolea usoni.

Akamuuliza, "Wewe, hospitali wanafungua saa ngapi?"

Kaka yako akasema saa mbili, lakini leo ni Jumapili.

Akasema, "Basi kesho saa moja na nusu tuwe mlangoni. Wasije wakampa mtu nafasi yangu."

Kaka yako alirudi chumbani haraka. Alisema povu limemwingia machoni. Tumemwachia hivyo.

Wifi yako

*

1 Mei

Binti yangu,

Mkono huu ni wangu. Herufi zimelewa kidogo, zitapata akili. Daktari aliyenipasua jicho ameniruhusu nusu ukurasa kwa siku, kwa hiyo unasoma kazi ya siku tatu, tangu usiku wa maonyesho.

Wifi yako amenieleza kwamba surua ya mtoto inaisha, madoa yanakauka. Najua ulilia kwa kuikosa siku ile ya maonyesho, ukabaki na kanga ya maji baridi mkononi. Sasa nitakuonyesha kila kitu, tulia.

Nilipanda ngazi zile mwenyewe. Wifi yako alinishika kiwiko, nikamwambia aniachie. Mlangoni nilisimama kwanza nitazame sakafu, maana ina mbao za rangi mbili na sikuwahi kujua. Ukuta wa mbele ni mweupe, na katikati iko moja tu. Wameisafisha upya kwa upande wake wa haki na kuikuza ukubwa wa mlango. Mama, yule mwenye kikombe anatabasamu. Miaka yote niliyokaa nayo nilikuwa naangalia nyuma yake. Ana pengo la jino.

Watu walikuwa wengi, hadi kwenye ngazi. Katibu alisimama mbele yao akasema yale ya barua, kwa sauti, bila karatasi. Hakupunguza. Nilimpa mkono, akaushika muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Wakaniomba nizungumze. Niliwaambia kwamba mimi pia nimekosa. Kwamba mwanangu aliliona jambo hili siku ya kwanza kwa macho yake, akaniandikia akicheka, na mimi nikamgombeza kwa barua nikamwambia asiwatanie wafu. Niliwaambia kwamba nilimkataza kuitoa picha, akaitoa, na angenitii leo ningekuwa nimekaa barazani sioni hata mkono wangu. Nimeyasema mbele ya watu ili usiseme nimekunong'oneza. Nisamehe.

Baadaye kamati ilikaa, nikarudishiwa kiti changu. Jambo la kwanza nililoleta ni jina lako. Mmoja, mgeni, simjui, akasema, "Fundi cherehani anajua nini kuhusu vifaru?" Profesa akamjibu kabla yangu, "Anajua kukusimamisha." Wakapiga kura. Mikono yote juu, na huyo mgeni naye, wa mwisho, anajitazama koti.

Kadi yako ya uanachama imo ndani ya bahasha hii. Kazi yako imeandikwa hapo kama ulivyoiandika wewe. Na chini ya ile picha ukutani nimewafanya wabadilishe maandishi. Walikuwa wameweka mimi peke yangu. Sasa ni mwenye picha, na chini yake, kwa herufi zilezile, binti yake aliyeitambua.

Siku hiyohiyo mjane mmoja aliniita pembeni. Mumewe alikuwa mkusanyaji, ameacha sanduku la picha zaidi ya mia mbili, hakuna anayejua ni za nini wala za wapi. Amenipa mimi. Nimemwambia tuko wawili. Sijalifungua, nakungoja.

Nakuja nalo Jumatano ya wiki ijayo. Kaka yako anataka kunileta usiku ili nilale njiani. Nimekataa. Nimekata tiketi ya asubuhi, kiti cha dirishani.

Baba yako